Kamanda Anapovunja Ari ya Askari: Sheria Inavyoelekeza na Newala Inavyokumbuka

Kila Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotangaza nafasi za vijana wa kujitolea, maombi hupitia katika ofisi za mikoa na wilaya, Newala ikiwa miongoni mwake. Tangazo hueleza umri, elimu, afya na tabia njema ya mwombaji. Liko jambo moja ambalo tangazo haliligusi, na ndilo wazazi wengi hujiuliza wanapomfungashia kijana wao safari. Akifika kikosini na kumkuta kiongozi anayewadhalilisha askari, anayependelea baadhi yao au asiyejali kama wamekula, atamweleza nani? Na je, kueleza huko hakutahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu?

Swali hilo lina jibu katika Katiba, katika sheria na katika utaratibu wa kila siku wa jeshi. Lakini jibu lenyewe halieleweki vizuri bila kutazama lilikotoka, na sehemu ya historia hiyo ilitendeka juu ya ardhi ya Newala.

Kwanza ni vema kuondoa mkanganyiko mmoja. Ari ya kikosi, ambayo askari wenyewe huiita morali, haivunjwi na ukali. Kamanda anayewaamsha askari alfajiri, anayerudisha gwaride mara ya tano kwa sababu mara nne za kwanza halikunyooka, na anayemwadhibu mchelewaji bila kujali ni mtoto wa nani, huenda asipendwe, lakini kikosi chake husimama. Askari huvumilia mengi ikiwa mkubwa wao huyavumilia pamoja nao. Kinachovunja ari ni upendeleo katika likizo na kozi, matusi mbele ya walio chini, chakula kinachopungua bila maelezo, taarifa za uongo zinazopelekwa juu ili makao makuu yaamini kuwa mambo ni shwari, na zaidi ya yote, kiongozi asiyeonekana pale askari wake wanapopata shida.

Hilo la mwisho ndilo lililoonekana Newala mwaka 1916.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde. Anayesimama Shimo la Mungu, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kushuka bondeni, huona nchi ikienda chini hadi Mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Ni mahali pazuri pa kujihami, isipokuwa kwa kasoro moja ambayo kila mwenyeji wa uwanda huo anaijua tangu utotoni: maji hayako juu. Vizazi kwa vizazi watu wa Newala wameshuka bondeni kuyafuata, au wamekinga ya mvua na kuyatunza kwa uangalifu mkubwa.

Mnamo Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji. Serikali ya Lisbon ilitaka ushindi wa haraka katika Afrika Mashariki ili isiachwe nyuma wakati wa kugawana mapato ya vita. Jeshi lililotoka Ureno chini ya Jenerali Ferreira Gil liliteremka Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, katikati ya mwaka huo. Askari wengi walikuwa wageni wa hali ya hewa ya tropiki. Malaria na kuhara viliwaangusha kabla hawajaona adui, na dawa, viatu na chakula havikutosha. Hata hivyo shinikizo la kusonga mbele halikupungua. Mwezi Septemba walivuka Ruvuma bila upinzani mkubwa, na mwishoni mwa Oktoba safu yao ikaingia Newala na kulishika boma.

Amri kuu ilibaki Palma. Kutoka pwani hadi ukingoni mwa uwanda ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu vijijini, na taarifa za hali halisi zilifika kwa kuchelewa. Askari waliokuwa bomani walijua mapema kwamba maji wanayoyategemea yako chini ya mteremko na kwamba kuyalinda kunahitaji watu wenye afya, ambao hawakuwapo wa kutosha. Kulijua hilo hakukuwasaidia, kwa kuwa walioshika maamuzi walikuwa mbali na maamuzi hayo hayakubadilika.

Katika nusu ya pili ya Novemba kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari ya Königsberg iliyoangamia katika delta ya Mto Rufiji mwaka 1915, kilikwenda moja kwa moja kwenye maji. Baada ya chanzo hicho kutekwa, boma lilizingirwa na askari wa Ureno wakabaki na kiu juu ya mlima. Jitihada za kuwaokoa kutoka upande wa Ruvuma hazikufanikiwa. Mwishoni mwa mwezi huo waliondoka Newala usiku, wakaacha silaha na shehena, na kurudi kusini ya mto. Katika kampeni yote ya Ureno eneo hilo, maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi.

Si haki kumtwisha jenerali mmoja mzigo wote huo, kwa sababu waliomsukuma kutoka Lisbon walikuwa na lao. Lakini tukio hilo linaonesha namna ari inavyokufa bila kelele. Hakuna aliyeasi Newala. Askari waliugua, wakachoka, wakaacha kuamini kwamba juu yao yupo anayesikia, na lilipokuja shambulio hapakuwa na cha kushikilia.

Miaka 48 baadaye, malalamiko ambayo hayakupata njia yalitoka kwa sura nyingine kabisa, safari hii katika jeshi la nchi huru.

Tanganyika ilipopata Uhuru Desemba 9, 1961 ilirithi kikosi cha King's African Rifles, kikabadilishwa jina na kuwa Tanganyika Rifles. Batalioni ya kwanza ilikaa kambi ya Colito, Dar es Salaam, na ya pili Tabora. Zaidi ya miaka miwili baada ya bendera ya mkoloni kushushwa, mkuu wa jeshi alikuwa bado Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wengi walikuwa Waingereza. Askari wa Kiafrika waliokuwa na utumishi wa muda mrefu waliona wenzao wa Serikali wakipanda vyeo, huku wao wakibaki na mishahara midogo chini ya maofisa walewale. Kero hizo hazikuwa siri kambini. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikisha kwa mwenye uwezo wa kuamua, kwa sababu ngazi ambayo askari alitakiwa kupitia ndiyo iliyokuwa sehemu ya malalamiko yake.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964 askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kushika maeneo muhimu. Brigedia Douglas alifanikiwa kutoroka na kujificha. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza nao, na walichodai ni nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku iliyofuata Tabora nayo ikaasi. Uporaji ulizuka Dar es Salaam na raia wakapoteza maisha. Ndani ya siku chache askari wa Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya walifuata mkondo huohuo. Mwalimu Julius Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo, na alfajiri ya Januari 25 makomando kutoka manowari ya Centaur walitua Colito kwa helikopta na kuwanyang'anya waasi silaha.

Hatua zilizofuata zinastahili kutazamwa kwa makini, kwani Serikali ilikataa kuchagua upande mmoja wa ukweli. Uasi uliadhibiwa: viongozi wake walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kifungo cha miaka 15. Wakati huohuo chanzo cha uasi kiliondolewa. Tanganyika Rifles ilivunjwa, maofisa wa Kiingereza wakaondoka, batalioni kutoka Nigeria ikashika ulinzi kwa muda, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) chini ya Mirisho Sarakikya. Vijana wa JKT, chombo kilichoanzishwa Julai 1963, walikuwa miongoni mwa walioingizwa katika jeshi jipya. Baadaye makomisaa wa siasa waliwekwa vikosini hadi zama za vyama vingi zilipofika. Ipo mijadala mingi kuhusu kazi ya makomisaa hao, lakini kwa askari wa kawaida walikuwa pia sikio la pili mbali na la kamanda wake. Kambi ya Colito, iliyobeba jina la uwanja wa vita wa Ethiopia walikopigana askari wa KAR mwaka 1941, sasa inaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani mwaka 1891.

Miaka miwili baadaye ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo leo ni Sura ya 192 ya Sheria za Tanzania. Wananchi wengi huijua kwa upande wake mmoja, yaani makosa ya askari dhidi ya mkubwa wake: kukaidi amri halali, kutoroka, kuasi. Kanuni za nidhamu zilizomo humo zinamfunga pia aliye juu. Afisa au mwenye cheo anayempiga au kumtendea vibaya aliye chini yake anatenda kosa la kijeshi, na cheo chake hakimkingi. Neno "halali" katika "amri halali" nalo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Utii anaodaiwa askari ni utii kwa amri iliyo ndani ya sheria.

Kuhusu malalamiko, msingi unaofuatwa katika majeshi yaliyorithi mfumo wa Jumuiya ya Madola ni wa ngazi. Askari huanza kwa kiongozi wake wa karibu, kisha kombania, kisha mkuu wa kikosi. Iwapo anayelalamikiwa ni mmojawapo wa hao, lalamiko hupelekwa kwa aliye juu yake. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui hadi wanapoingia matatani: askari hulalamika kwa nafsi yake. Watu kumi wenye kero moja wanaweza kupeleka malalamiko kumi. Wakikusanyika na kugoma kutekeleza amri mpaka wasikilizwe, wameingia katika eneo ambalo sheria inaliita uasi, hata kama kero yao ni ya kweli tupu. Raia aliyezoea mikutano ya chama cha wafanyakazi ataona ni ukali uliopitiliza, lakini watu hao wana bunduki mikononi, na Januari 1964 ilionesha umbali mfupi uliopo kati ya kudai haki na kumwaga damu ya wasiohusika.

Kwa upande wa wakubwa, kumshughulikia kamanda anayeharibu ari si lazima kuanze na mashtaka. Mara nyingi ishara huonekana kabla ya barua yoyote kuandikwa: maombi ya uhamisho yanayozidi kutoka kikosi kimoja, utoro, ulevi, watu wanaougua kila siku ya kazi ngumu. Mkubwa makini hafuati taarifa za ofisini pekee. Hutembelea kikosi, hula mesini, huzungumza na sajini meja na na wapishi. Hatua zinaweza kuwa onyo na ushauri, kumhamisha, kumwondoa katika uongozi wa kikosi, au kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi kosa linapokuwa la jinai. Kumhamisha tu mtu aliyewaonea askari, bila kumwonya wala kuandika popote alichokitenda, ni kuhamishia tatizo kwenye kikosi kingine, na walioachwa nyuma hulitambua hilo upesi.

Juu kabisa ipo Katiba. Ibara ya 148 inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuteua viongozi katika majeshi ya ulinzi, na pia ya kumwamuru mwanajeshi yeyote asitumie madaraka aliyokabidhiwa kutokana na yeye kuwa mwanajeshi. Maana yake ni kwamba hakuna kamanda anayemiliki kikosi chake. Madaraka ni ya kukabidhiwa, na aliyeyakabidhi anaweza kuyasimamisha. Jenerali, mkuu wa kikosi na koplo wote wanaguswa na maneno hayo.

Inabaki sehemu ya mzazi. Familia si ngazi ya kijeshi na haina nafasi ya kuingilia amri za kikosi, lakini haikufungwa mdomo. Katika ngazi ya wilaya yupo Mshauri wa Mgambo, afisa wa JWTZ aliye karibu zaidi na mwananchi wa kawaida, ambaye anaujua utaratibu na anaweza kumweleza mzazi ni wapi kijana wake anapaswa kuanzia. Kijana anayepiga simu nyumbani akisema ameonewa, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama amekwishalifikisha kwa kiongozi wake, lini, na kwa maandishi au kwa mdomo. Tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo vina uzito kuliko simulizi ndefu ya uchungu. Anayeshauriwa kutoroka ameshauriwa vibaya, kwa sababu siku atakayokamatwa litakalosikilizwa kwanza ni kosa lake yeye.