Uvimbe wa Titi: Maswali ya Daktari



Baadhi ya mabibi huona haya kwenda kwa daktari, wakidhani maswali yake ni upekuzi. Tuchukue mfano wa bibi wa Mpanda, mkoa wa Katavi uliomegwa Rukwa mwaka 2012. Huenda akatumwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Akishika gari moshi hupitia Kaliua na Tabora. (Sisi bahari tu, na bado twachelewa!) Alilosahau kulieleza, hawezi kurudi kesho kulisema.

Ataulizwa: uvimbe aliuona lini, na je, umekua? Chuchu imeingia ndani, au yatoka damu? Ngozi imebonyea? Kwapani mna tezi? Mama au dada amepata kuugua hivyo? Amezaa mara ngapi, na atumia dawa gani? Asikae nyumbani kwa kuwa "hauumi". Saratani ya titi khasa huanza bila ya maumivu.

Kisha daktari hupapasa matiti yote mawili na makwapa, huagiza picha, na hutoa kinyama kwa sindano kipimwe maabara. Mkono peke yake hauamui, na uvimbe mwingi si saratani. Barazani husemwa kuwa sindano hiyo huuchokoza ugonjwa, si kweli. Bila ya kipimo hicho daktari hajui dawa ipi imfae.

Cheti cha majibu akichukue mkononi, maana hospitali ya pili itakitaka.

Katibu