Kuoka Kuku Mzima Nyumbani: Rangi ya Ngozi Si Kipimo cha Kuiva

Katika kaya nyingi, kuku mzima huokwa siku ya sikukuu au panapokuwa na ugeni. Ngozi inapogeuka kahawia na harufu kuenea nyumbani, wengi huamini kuwa nyama imeiva. Imani hiyo inaweza kupotosha. Ngozi hupokea moto kwanza, ilhali nyama iliyoshikamana na mfupa wa paja hupata joto mwisho. Kuku anaweza kupendeza kwa nje huku nyama ya ndani ikiwa bado mbichi.

Vimelea na madhara yake

Bakteria aina ya Salmonella na Campylobacter huishi ndani ya utumbo wa kuku, mara nyingi bila kumdhuru, na huhamia kwenye nyama wakati wa kuchinja na kupasua. Mtu mwenye afya njema akiambukizwa huharisha, hupata homa na maumivu ya tumbo, kisha hupona baada ya siku chache. Hali huwa tofauti kwa watoto wadogo, wazee na watu wenye upungufu wa kinga, kwani Salmonella inaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Kwa mgonjwa wa selimundu, inaweza kushambulia hata mifupa. Kwa nadra, maambukizi ya Campylobacter hufuatiwa, wiki chache baadaye, na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hudhoofisha neva na kuleta ulegevu unaoanzia miguuni.

Kabla ya kuoka

Kuku aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya jokofu, kwenye rafu ya chini, akiwa katika chombo kinachozuia majimaji yake kudondokea vyakula vingine. Kuku wa kilo 2 huhitaji takribani siku nzima. Akiokwa kabla ya kuyeyuka, kiini chake huchelewa kuiva.

Kuku aliyekwisha kusafishwa dukani hahitaji kuoshwa tena, kwani maji ya bomba hurusha bakteria kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu. Aliyechinjwa nyumbani aoshwe taratibu ndani ya beseni, kisha beseni, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni. Limau, siki na chumvi huongeza ladha, lakini havichukui nafasi ya moto.

Wakati wa kuoka

Katika oveni yenye joto la nyuzi 180 za Selsiasi, kuku wa kilo 1.5 huhitaji takribani saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Anayetumia sufuria kwa kupalia makaa juu na chini awe mwangalifu zaidi, kwani moto wa juu huunguza ngozi mapema. Kipimajoto cha chakula kichomekwe kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na kisome angalau nyuzi 74. Pasipo kipimajoto, paja likatwe hadi kwenye kiungo: majimaji yawe maangavu na nyama iachane na mfupa kwa urahisi. Dalili hizi husaidia, ingawa hazina uhakika wa kipimajoto. Shaka ikibaki, kuku arudishwe motoni.

Baada ya kuiva

Kuku akatwe kwa kisu na ubao safi, si vile vilivyotumika akiwa mbichi. Kinachobaki kihifadhiwe kwenye jokofu ndani ya saa 2, na kipashwe moto hadi kitokote au kitoe mvuke kote kabla ya kuliwa.

Wakati wa kwenda kituoni

Anayeharisha aanze mapema kunywa maji ya chumvichumvi (ORS), na asitumie antibiotiki bila ushauri wa mtaalamu. Damu kwenye kinyesi, homa kali, mkojo kupungua au ulegevu ni sababu za kufika kituoni bila kuchelewa. Mhudumu wa afya naye aulize mgonjwa alikula nini siku chache zilizopita, na nani mwingine aliyekula chakula hicho ameugua. Mtoto mwenye selimundu anayepata homa baada ya kuharisha asichukuliwe kuwa na malaria pekee. Afikiriwe pia kuwa na maambukizi ya damu au ya mfupa, na apewe rufaa mapema.