Ziacheni Hawala, Fuateni Mkaa

Kila bomu linapolipuka Afrika Mashariki, swali huwa lile lile. Huulizwa redioni, bungeni na kwenye semina za mabenki: kwa nini serikali haizifungi hawala, zile kampuni za kutuma fedha? Anayeuliza huwa ameshamaliza hesabu zake. Utandawazi umerahisisha kutuma hela, magaidi wanahitaji hela, basi duka dogo la Eastleigh, Nairobi, linalopokea dola kutoka Minneapolis, Marekani, ndilo linalowalisha.

Hesabu hiyo imeshajaribiwa mara mbili kwa nguvu zote za serikali, na mara zote mbili waliolipa gharama ni watu wasiohusika.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Novemba 2001. Wiki nane baada ya mashambulizi ya New York na Washington, serikali ya Rais George W. Bush ilifunga ofisi za Al-Barakaat nchini Marekani na kuzuia mali zake. Al-Barakaat ilikuwa kampuni kubwa ya Kisomali ya kutuma fedha, na pia ilitoa huduma za simu na intaneti, kwa hiyo familia nyingi za Somalia zilikosa hela ya unga na njia ya kuwaulizia jamaa zao kwa wakati mmoja. Tume iliyochunguza mashambulizi yale ilipofuatilia nyayo za fedha, ilikuta kwamba mpango mzima uligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000, na kwamba washambuliaji walitumia mabenki ya kawaida. Zaidi ya dola 100,000 zilitumwa kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya benki huko Florida, iliyofunguliwa kwa majina yao halisi. Hakuna ushahidi kwamba hawala ilitumika kufadhili shambulio hilo. Wala wachunguzi hawakupata ushahidi wa kuthibitisha kwamba Al-Barakaat iliifadhili al-Qaeda.

Baadhi ya majina yalianza kuondolewa kwenye orodha ya vikwazo mwaka 2002. Tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatamka kwamba tawi la Sweden lilizuiliwa mali bila kupewa nafasi ya kujitetea. Wakati huo biashara ilikuwa imeshakufa.

Mara ya pili ilikuwa Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na siku chache baadaye serikali ikasimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Neno la kuzingatia hapo ni leseni. Kampuni hizi hazikuwa zimejificha uchochoroni. Zilifanya kazi chini ya kanuni ambazo Benki Kuu ya Kenya yenyewe ilizitoa mwaka 2013. Kufikia Juni zilikuwa zimeruhusiwa kufungua tena. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na kumnasa kijana kama huyo kabla hajavuka mpaka hakuhitaji kufuli kwenye dirisha la hawala.

Wanaotaka hawala zifungwe wangefanya vyema kukaa asubuhi moja mbele ya dirisha hilo. Mtu aliyeko Minnesota anampa wakala dola 200, jina la mama yake na namba ya simu. Wakala anakata kama asilimia 5, anaandika kitambulisho cha mtumaji, ujumbe unakwenda. Mama analetewa habari kwa simu, anakwenda dukani kwa wakala wa pili, anaulizwa jina lake na la aliyemtumia, anahesabiwa noti. Hakuna dola hata moja iliyovuka bahari asubuhi hiyo. Mawakala wanabaki wakidaiana, na deni hulipwa baadaye, mara nyingi kwa kontena la nguo au vyombo vya umeme lililonunuliwa Dubai. Kwa njia hii Wasomali walio ughaibuni wamekuwa wakituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Ndiyo karo, ndiyo dawa, ndiyo maji ya boza.

Je, mhalifu hawezi kupenyeza hela humo? Anaweza, na wapo waliofanya hivyo, kama wengine walivyotumia benki, simu na begi la mkononi. Baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, waendesha mashtaka walielekea kwa mawakala wa fedha za simu na tawi la benki yenye leseni kamili. Isitoshe, mauaji ni rahisi kwa bei: mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 224, yalikadiriwa kugharimu kama dola 10,000. Kuitafuta hela ndogo hivyo kwa kufunga mfereji unaonywesha nchi nzima ni uzembe wa kazi.

Fedha nyingi za al-Shabaab zipo kwingine, peupe. Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba kizuizi kimoja tu cha al-Shabaab kwenye barabara ya Mogadishu kwenda Baidoa kilikadiriwa kuingiza takriban dola milioni 10 kwa mwaka. Dereva wa lori hulipa kulingana na mzigo na hupewa risiti. Akifika kizuizi kinachofuata cha kundi hilo, huonyesha risiti na kupita. Kwenye vizuizi vya askari wa serikali huenda akalipa upya kila mara. Taasisi ya Hiraal ya Mogadishu ilikadiria mwaka 2020 kwamba kundi hilo hukusanya angalau dola milioni 15 kwa mwezi, zikiwemo za bidhaa zinazoshushwa katika bandari ya Mogadishu, iliyo mikononi mwa serikali.

Halafu kuna mkaa, ambao nao umeliingizia kundi hilo fedha. Baraza la Usalama lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kwa azimio namba 2036 la Februari 2012. Mwaka huohuo majeshi ya Kenya na washirika wao waliutwaa mji wa Kismayo, na bado wachunguzi waliripoti magunia yakiendelea kupakiwa majahazini kuelekea Ghuba, ambako mkaa wa mgunga hupendwa kwa shisha na nyama choma. Vyeti vya kughushi vilidai mkaa umetoka Komoro, Ghana au Côte d'Ivoire. Baadaye ulipitishwa Iran, ukatiwa kwenye magunia mapya yaliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Iran, kisha ukaendelea na safari hadi Falme za Kiarabu. Utandawazi unaowanufaisha magaidi ni huu hasa: jahazi, gunia, muhuri wa forodha, na karani asiyejiuliza ni msitu gani wa Komoro unaoweza kujaza meli baada ya meli.

Basi la kufanya lipo. Hawala zote zisajiliwe na kukaguliwa, kama FATF, chombo cha kimataifa dhidi ya fedha haramu, ilivyotaka tangu Oktoba 2001. Kenya, iliyowekwa Februari 2024 kwenye orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, haina muda wa kupoteza. Mabenki yaache kuzifungia akaunti kampuni zilizotimiza masharti, maana zikifungiwa hela husafiri kwenye mabegi. Wakala afundishwe kutambua muamala wenye mashaka na apewe pa kuuripoti bila kuogopa kwamba yeye ndiye atakayekamatwa. Cheti cha asili ya bidhaa kithibitishwe na nchi iliyotajwa kabla jahazi halijashusha, kazi ya simu moja au barua pepe. Forodha za Ghuba zichapishe kiasi cha mkaa kinachoingia na unakodaiwa kutoka. Na serikali ya Somalia iunganishe vizuizi vyake kwa risiti moja inayoheshimiwa njia nzima, ikianza na barabara ya Baidoa.