Mwamvua na Khalili hawalingani

Mwamvua na Khalili ni majina ya herufi saba saba. Yachapishe kwa fonti ya Helvetica, ukubwa wa pointi 12, kisha chukua rula: Mwamvua linafika milimita 19, Khalili linaishia kwenye 11. Kazi yangu ni kuandika programu za kugeuza hati za Word kuwa PDF, na hizo milimita nane ndizo zinazonichelewesha kurudi nyumbani.

Ndani ya kila fonti mna jedwali la upana. Katika Helvetica ya PostScript, ukubwa wa fonti umekatwa vipande 1,000. Herufi M imepewa 833, w 722, a 556, ilhali i na l zimepewa 222 tu kila moja. Programu hujumlisha vipande vya jina zima, ikagawanya kwa 1,000, ikazidisha kwa ukubwa wa maandishi. Mwamvua ni vipande 4,556, yaani pointi 54 na ushei, na pointi 72 ni inchi moja.

Wapo waandishi wa programu wanaohesabu herufi na kuzidisha kwa wastani. Hao siwaelewi. Hesabu hiyo inafaa kwa fonti kama Courier, ambamo i na m zote zina 600. Kwingine hata kujumlisha peke yake hakutoshi: andika KAWAWA kwa herufi kubwa, uone A na W zinavyosogezwa zikaribiane kuliko jedwali lilivyosema. Masogezo hayo nayo yamo ndani ya fonti, na lazima yahesabiwe.

Balaa lenyewe huanza fonti inapokosekana. Barua imeandikwa kwa Calibri kwenye Windows, inaletwa kwenye seva ya Linux isiyo na Calibri. Seva hailalamiki, inachukua fonti nyingine kimyakimya, tuseme DejaVu Sans, ambayo ni pana zaidi. Mistari inakatika mapema, aya zinarefuka, na sahihi ya mkurugenzi inajikuta peke yake ukurasa wa pili. Mteja anailaumu PDF. Maskini, PDF imeweka kila herufi pale ilipoambiwa!

Kwa hiyo kabla ya yote naweka Carlito, iliyochorwa kwa upana uleule wa Calibri, na Liberation Sans kwa ajili ya Arial. Sura za herufi zitatofautiana kidogo, lakini mistari itakatika palepale.

Wala sipimi kwa kioo cha kompyuta. Kioo kikikadiria herufi ya pikseli 5.4 kuwa 5, mstari wa herufi kama hizo 80 unapoteza pikseli 32, na kwenye karatasi jina linatoka nje ya kisanduku. Kwenye vyeti vya shule, programu yangu hupima jina kwanza kutoka kwenye fonti yenyewe. Likizidi, inapunguza nusu pointi, inapima tena, hadi litoshe.