Riadha ya Mwili na Riadha ya Nafsi (Sehemu ya Tatu)

Tangu mashindano ya soka ya CHAN yamalizike Kasarani, Nairobi, mwezi wa Agosti 2025, na nchi zetu tatu zikawa zinajitayarisha kuyapokea mashindano yaliyo makubwa zaidi, yaani AFCON ya mwaka 2027, mazungumzo ya barazani yamekuwa ni ya viwanja tu: majukwaa yatachukua watu wangapi, nyasi zipandwe za namna gani, na ujenzi wa Arusha na wa Nairobi umefika wapi. Mimi sina neno juu ya hayo, na nilifurahi kama walivyofurahi wenzangu timu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipofika zote robo fainali. Lakini katika mazungumzo hayo sijamsikia hata mtu mmoja akiuliza swali lililonifanya nikauanza mfululizo huu, nalo ni hili: mtoto wa darasa la nne ambaye hatavaa jezi ya taifa maisha yake yote, yeye uwanja wake uko wapi?

Waliofuatana nami katika sehemu mbili zilizotangulia watakumbuka niliyoyaeleza juu ya moyo, mapafu na damu, kwa hiyo sitayarudia. Leo nataka kulishika neno lenyewe, riadha, ambalo sisi Waswahili tumelibana mno, hata likabaki kuwa mbio, miruko na mitupo peke yake. Huko lilikotoka, katika lugha ya Kiarabu, kitenzi chake kilitumika kwa mtu amfundishaye mwanafarasi ambaye bado hajapandwa: humzungusha polepole, humzoesha hatamu leo kidogo na kesho kidogo, hampigi akamvunja moyo wala hamwachii akapotea maporini, mpaka zile nguvu alizozaliwa nazo zikatii. Kutoka kwa mnyama neno likahamia kwenye mwili wa binadamu, na kutoka mwilini likaingia katika nafsi yake; na Imamu Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 505 wa Hijria, ndio 1111 wa Miladia, alipofika katika kitabu chake Ihya mahali pa kueleza namna ya kuitengeneza tabia, sehemu hiyo aliiita kwa neno hilo hilo, riadha ya nafsi.

Ni humo humo alimoeleza malezi ya mtoto. Anataka mtoto azoeshwe kutembea na kujinyosha viungo katika baadhi ya saa za mchana, uvivu usije ukamtawala. Na anataka, akisha kutoka chuoni, apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema utakaompumzisha na taabu ya kusoma, ila usiwe mchezo wa kumchosha. Kisha anaonya kwamba mtoto anyimwaye mchezo, akakaliwa kwa masomo asubuhi na jioni, moyo wake hufa, akili yake huzimika, na maisha humsonga hata akatafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara hustaajabu kuwa tunaye mwanachuoni huyu katika makabati yetu, tunamtaja kwa taadhima misikitini na madrasani, na papo hapo tunawafungia watoto wetu katika masomo ya ziada mpaka magharibi.

Zaidi ya miaka 70 kabla ya kufa kwake alikuwa amekwisha kufa tabibu Ibn Sina, ambaye katika Qanuni yake amempangia mtoto mdogo siku nzima. Mtoto akiamka aogeshwe, kisha aachwe acheze kiasi cha saa moja. Ndipo apewe chakula kidogo, aachwe tena acheze zaidi ya mara ya kwanza, halafu aogeshwe na kulishwa. Atazame msomaji mpango huo, aone kuwa mchezo umetangulia chakula, na kwamba tabibu yule mkubwa hakuona haya kuutilia kipimo kama atiavyo kipimo dawa. Akitimia miaka sita ndipo akabidhiwe mwalimu, nako aingizwe polepole, asilazimishwe kukaa na kitabu kwa ghafula.

Na nyuma yao wote yupo Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, aliyetunga risala nzima kuusifu mchezo wa mpira mdogo. Kuwinda, asema, kwataka mbwa, farasi, nyavu na wasaa wa watu wenye mali. Lakini mpira hata fukara aliye fukara kabisa haumshindi, nao huzoesha viungo vyote, hulinoa jicho na huiamsha akili. Laiti angalifika mtaani kwetu akaiona chandimu, mpira wa watoto wa mitaani! Niliwahi kukaa barazani jioni nzima nikimtazama mtoto wa jirani, asiyezidi miaka minane, akiutengeneza mpira wake. Alichukua soksi iliyotoboka, akaishindilia matambara na vipande vya godoro kuukuu, akaizungushia kamba aliyoifumua katika gunia la katani, mzunguko kwa mzunguko, akikaza kwa meno. Akaudundisha chini, akauona unakwenda upande, akaufungua wote akaanza upya. Wenzake walipofika wakapanga mawe mawili kila upande, wakagawana ili wakubwa wasiwe pamoja, na kabla ya dakika kumi ukazuka ugomvi kuwa mpira umeingia au umepita juu ya jiwe. Refa hakuwapo, wala mtu mzima hakuitwa. Walibishana, mmoja akasusa akaenda kukaa pembeni, na alipoona mchezo unaendelea pasipo yeye akarudi mwenyewe bila ya kubembelezwa. Hiyo ndiyo riadha ya nafsi, na mtoto yule hakusomewa ukurasa hata mmoja wa Ihya ili aijue.

Sayansi ya leo imezidi kuyathibitisha hayo. Mwaka 1995 wataalamu wa Ufini waliwapima wanawake wachezao tenisi na skwoshi, wakalinganisha mkono ushikao raketi na ule mwingine, wakaona kuwa mkono wa mchezo una mfupa mzito zaidi. Na faida hiyo ilikuwa mara mbili hadi nne kwa wale walioanza kucheza kabla au wakati wa kuvunja ungo, kuliko kwa waliochelewa miaka mingi. Sababu yake ni kwamba kama robo ya madini ya mfupa wa mtu mzima huwekwa katika ile miaka miwili ambayo kijana hurefuka kwa kasi, na msimu huo ukipita haurudi. Shirika la Afya Duniani lataka kila mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kujitaabisha mwili kila siku. Ilhali hesabu zake za mwaka 2016 zilionyesha kuwa, katika kila vijana 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani, 81 hawakifikii kipimo hicho, na wasichana wamezidi, kwani wao ni 85 kwa wavulana 78.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, ingawa nafasi imenibana. Mashindano ya shule za msingi na za sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ni mambo mema, nayo yametutolea vijana hodari. Lakini mchujo ukisha kufanywa na majina yakabandikwa ubaoni, kijana ambaye jina lake halimo huonekana kana kwamba hana mwili. Katika shule moja niliyofundisha, kipindi cha michezo kilikuwamo katika ratiba, ila mtihani ulipokaribia kiligeuzwa hesabu, na siku kilipobaki uwanja ulikuwa wa timu. Palikuwa na msichana mmoja, mnene kidogo na mwenye haya nyingi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mwarobaini akiwashikia wenzake viatu. Niliwaomba wasichana waweke rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku mtu akijaza chupa mchanga, kando ya uwanja, nikamtaka naye aingie. Mara ya kwanza alipigwa na mpira kabla hajainama kuiokota chupa. Wenzake walicheka, naye akarudi mtini. Siku ya pili aliukwepa mara saba, akaijaza chupa mchanga hadi nusu, akatoka anahema na nguo imejaa vumbi, akiuliza zamu yake itarudi lini. Siku ya tatu nilipofika niliviona viatu vya wenzake vimetupwa chini ya mwarobaini, havina mlinzi.