Jina kubwa la kampuni, na jina lililo kwenye mkataba

WIKI tatu zilizopita, siku ya Jumapili, mpwa wangu alinikuta hapa Rusumo nikihesabu magunia ya mchele yaliyovuka asubuhi ile kutoka upande wa Tanzania. Aliniamkia, akaketi juu ya gunia, akaninyooshea simu yake.

"Mjomba, nimepata," alisema.

Ilikuwa barua pepe ya kumkubali kazini. Mstari wa kwanza ulitaja kampuni kubwa ya simu ambayo kila mfanyabiashara wa mpaka huu anaifahamu, kwa kuwa hakuna anayelipa au kulipwa bila kupitia kwenye laini. Barua ilitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Dada yangu, mama wa kijana, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kule Nyakarambi, na sikumlaumu. Familia ile ilirudi kutoka Kagera mwaka 2013, wakati Wanyarwanda wengi walipotakiwa kuondoka Tanzania. Ilirudi na magodoro mawili, masufuria na watoto wanne. Kijana huyu alisomeshwa kwa ndizi, kwa mkopo wa kikundi cha kina mama na kwa vibarua vya likizo hapa mpakani, hadi alipohitimu kompyuta katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa mwaka mzima tangu amalize, amekuwa akitengeneza simu zilizovunjika vioo na kutoa fedha za simu kwenye kibanda chenye upana wa mlango. Sasa jina kubwa limemwita Kigali. Nani asingepiga vigelegele?

Nilimwambia anipe mkataba wenyewe niusome kabla ya kumpongeza. Alishangaa kidogo, akaufungua.

Ndugu msomaji, katika ukurasa wa pili palikuwa na neno "mwajiri", na mbele yake halikuwa jina la ile kampuni ya simu. Lilikuwa jina la kampuni nyingine, wakala wa kuajiri watu na kuwapeleka kufanya kazi kwa wengine. Kijana angekaa katika jengo la kampuni kubwa, angetumia kompyuta yake na kuvaa kitambulisho chenye rangi zake, lakini mtu wa kumlipa mshahara na wa kumwachisha kazi angekuwa mwingine. Muda wa mkataba ulikuwa mwaka mmoja.

"Mjomba, si ni kitu kilekile?" aliniuliza.

Hapo ndipo nililazimika kumsimulia jambo ambalo sijawahi kulisimulia vizuri hata nyumbani kwangu.

Kabla sijawa mtu wa mchele, nilikuwa fundi wa jenereta za minara ya simu kule Kagera, tangu mwaka 2006. Kampuni sitaitaja. Tulizunguka Biharamulo, Ngara na Karagwe kwa pikapu, tukijaza dizeli, kubadilisha vichujio na kufukuza nyuki walioweka masega ndani ya makabati ya betri. Mkataba wangu ulikuwa wa kudumu. Nilipopita sokoni na shati lenye nembo, wazee walinitolea kiti.

Asubuhi moja tuliitwa uani tukaambiwa kwamba kazi ya minara imekabidhiwa kwa mkandarasi. Hakuna atakayekosa kazi, walisema, na ni kweli, kesho yake nilipanda pikapu ileile na dereva yuleyule. Kilichobadilika ni shati na karatasi. Mkataba wa kudumu ukawa wa mwaka, bima ya familia ikakoma, na posho ya kulala nje ikawa ya kuombea. Niliendelea hadi 2012. Mwaka uliofuata tulipovuka daraja kurudi huku, sikuwa na cheti chochote kinachoonyesha kwamba niliwahi kushika spana. Mkandarasi hakutoa, na mimi kijinga sikudai. Namba yangu ya mfuko wa pensheni ilikuwa kwenye karatasi iliyobaki ndani ya nyumba. Miaka saba ya kazi, na nilipoomba ufundi Kibungo niliulizwa, "Uthibitisho uko wapi?"

Kijana alinyamaza. Nami sikutaka aondoke akidhani kwamba mambo haya ni bahati yangu mbaya tu, kwa sababu historia ya kampuni za simu katika nchi zetu inajulikana kwa yeyote aliyewahi kubadilisha laini.

Wafanyabiashara wenye umri wangu wanaikumbuka Celtel. Mwaka 2006 iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mtu wa Mutukula akaweza kuvuka na laini yake bila kutozwa gharama za kuwa nje ya nchi. Tuliona kama muujiza. Mwaka 2008 jina likawa Zain. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikanunua biashara za Zain katika nchi 15 za Afrika, mpango uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 10.7, na mabango yakapakwa rangi tena. Mwaka huohuo Airtel ilikabidhi kazi za mifumo ya kompyuta kwa IBM, na kazi ya kupokea simu za wateja ikagawiwa kwa IBM, Tech Mahindra na Spanco. Ndivyo ilivyokuwa imezoea kuendesha biashara kule India, na haikuwa siri. Lakini fikiria mhitimu aliyeingia kwa sababu ya jina la Celtel.

Minara nayo ilihama. Tigo ya Tanzania iliingia mkataba na Helios Towers mwaka 2010, Vodacom ya Tanzania ikafuata mwaka 2013, na hapa Rwanda minara ya MTN ilichukuliwa na IHS mwaka 2014. Kwa hiyo yule fundi unayemwona juu ya mnara, usikimbilie kumuuliza kuhusu kampuni iliyoandikwa kwenye vocha yako. Huenda hajawahi kulipwa nayo hata siku moja.

Tena kuna zilizokufa kabisa. Rwandatel ilikuwa kampuni kongwe, shirika la serikali ambalo mzazi angemwozesha binti yake kwa mfanyakazi wake bila kuuliza swali. Iliuzwa kwa Terracom mwaka 2005, serikali ikairudisha mikononi, kisha mwaka 2007 asilimia 80 zikanunuliwa na LAP Green ya Libya. Mwezi wa Aprili 2011 leseni yake ya simu za mkononi ikafutwa, na kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Tigo iliyofika Rwanda mwaka 2009 ilikuwa imeshamezwa na Airtel mwaka 2018. MTN, iliyoanza hapa mwaka 1998, imesimama, na mwaka 2021 iliingia kwenye soko la hisa la Kigali. Mwenye kupiga ramli mwaka 2007 asingejua ipi itabaki.

Basi je, kampuni kubwa ya simu ni mwajiri mbaya kwa mhitimu? Hapana, na hapo ndipo dada yangu alinikasirikia, akidhani nataka kumkatisha mwanawe tamaa.

Tulikaa tukapiga hesabu. Mshahara ulioandikwa ni faranga 300,000 kabla ya makato. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vinavyotumika, 60,000 za kwanza hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 100,000 ni asilimia 10, hadi 200,000 ni asilimia 20, na zinazozidi ni asilimia 30. Kodi peke yake ni 54,000. Mchango wa pensheni wa mfanyakazi, uliopandishwa Januari 2025 kutoka asilimia 3 hadi 6, unachukua 18,000. Ukiondoa na yale makato madogo ya uzazi na ya mutuelle, kijana anabaki na karibu 226,000. Chumba alichoonyeshwa na rafiki yake Kigali ni 60,000. Weka nauli, weka chakula, na atakachomtumia mama yake hakizidi bei ya mbuzi mdogo.

Kibanda chake cha Nyakarambi, mwezi mzuri humpa laki na nusu, pengine mbili, na analala kwao. Mwezi mbaya hupati hata kodi ya kibanda, na simu moja ikiharibikia mikononi mwako unailipa. Kwa hiyo kwa fedha peke yake, tofauti si kubwa kama vigelegele vilivyopigwa.

Lakini kuna vitu ambavyo kibanda hakitoi. Mshahara unapita benki kwa tarehe inayojulikana, na sisi tuliorudi bila shamba tunajua karatasi ya mshahara ina uzito gani mbele ya afisa mikopo. Gunia zangu mia hazinipi mkopo ambao karani mwenye mkataba hupewa. Pensheni inalimbikizwa kwa jina lake, na mwajiri anatia asilimia 6 zake pia. Pia yapo mafunzo ambayo huwezi kuyapata kwenye vioo vya simu, na hayo yanategemea unawekwa chumba gani. Kijana mwenye shahada akiambiwa asimame chini ya mwavuli stendi ya Nyabugogo auze laini kwa kamisheni, hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama mwavuli una rangi nzuri kiasi gani. Hata mimi, pamoja na yote, jenereta zilinifundisha. Majokofu ya samaki hapa mpakani yanapozima, ananiita nani? Ananiita mimi, na hiyo ndiyo ada iliyowasomesha wanangu wawili.

Jumatatu nilimwambia apige simu aulize. Alisita. Vijana wetu wanaogopa kuuliza, wanadhani nafasi itaruka kama ndege. Nilimkalia pembeni hadi akapiga. Aliuliza atawekwa kitengo gani. Mama mmoja wa upande wa rasilimali watu, mwenye sauti ya upole, akamjibu kwamba ni chumba cha kufuatilia mtandao, saa 24, kwa zamu, zikiwamo za usiku. Aliuliza kama walioletwa na wakala huweza kuajiriwa moja kwa moja na kampuni. Jibu: inategemea utendaji na nafasi. Akauliza, katika kundi la mwaka jana, wangapi walichukuliwa? Hapo mama yule alicheka kidogo, akasema wawili kati ya tisa. Aliuliza mwisho kama atapewa cheti cha kazi siku mkataba ukiisha, na akaambiwa hiyo ni haki yake kisheria.

Wawili kati ya tisa! Dada alishika kichwa. Mimi, kinyume chake, ndipo nilipoanza kulainika, kwa sababu mtu aliyekupa namba ile hakukudanganya. Na chumba cha kufuatilia mtandao ni darasa. Huko unaona mnara wa Kirehe ukizima saa nane za usiku na unapaswa kujua kama ni umeme, ni waya au ni mtu ameiba betri. Atakayekaa pale miaka miwili akiwa macho, hata benki zitamtaka.

Kulikuwa na kifungu kimoja kilichonikera. Mkataba ulisema mwajiri anaweza kuuvunja kwa taarifa ya siku saba. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inataka siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka, na 30 kwa aliyefikisha mwaka au zaidi. Kijana aliandika barua fupi ya heshima akitaja sheria hiyo. Tulisubiri Jumanne, tukasubiri Jumatano. Dada hakunisemesha kwa siku hizo mbili, na ugali nilipelekewa na mtoto. Alhamisi mchana mkataba ulirudi, siku saba zimekuwa 15, bila neno lolote la ziada.

Alitia saini jioni ile, kwenye meza yangu ya kuhesabia. Kibanda hakukifunga, amemwachia mdogo wake afungue jioni baada ya shule. Tulitoa nakala tatu za mkataba kwa yule kijana wa stesheneri karibu na forodha. Moja aliondoka nayo Jumamosi alfajiri kwenye basi la Kigali, moja iko kwa mama yake, na ya tatu imo ndani ya sanduku langu la bati, pamoja na stakabadhi za ushuru. Namba yake ya pensheni nimeiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kifuniko.

Juzi alinipigia akiwa zamu ya usiku. Aliniambia kwamba jenereta ya mnara mmoja huku kwetu imekuwa ikizima kila baada ya saa mbili, na mafundi wa mkandarasi hawaelewi. Nilimuuliza kama wamebadilisha kichujio cha dizeli. Akasema ngoja awaulize.