Usiifute Kadi Yenye Harusi

Harusi ya bintiyo imekwisha, wageni wameenda zao, na sasa kamera inasema kadi ina hitilafu. Je, picha zimepotea? La hasha! Usiwe na pupa.

Kwanza, usipige picha nyingine kwa kadi hiyo, wala usikubali kamera ikikutaka uifute. Mara nyingi kilichoharibika ni orodha ya mafaili tu, ilhali picha zenyewe zingalimo. Fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili aweza kuzitoa, mradi nyingine hazijarekodiwa juu yake.

Pili, kunakili kuna adabu yake. Kadi za P2, zilizoletwa na Panasonic mwaka wa 2004, huweka picha na sauti katika folda tofauti, zote ndani ya folda kuu iitwayo CONTENTS. Nakili folda hiyo nzima, bila kubadilisha majina. Ukidokoa faili mojamoja, utamwona bi harusi akila kiapo midomo ikicheza tu, sauti hakuna.

Mwisho, weka nakala katika diski mbili, uzitazame zote, ndipo uifute kadi. Kadi hununuliwa, siku ile hairudi.